Merikebu Zilizo Chini ya Mji

Ndugu yangu mpenzi,

Chini ya pembe ya barabara za Clay na Sansome, nipitapo niendapo kazini hapa San Francisco, mwaka 1978 wachimba misingi walifukua mabaki ya merikebu iitwayo Niantic, na tangu nilipoisoma habari hiyo fikra zangu hazijatulia.

Kisa cha merikebu hiyo chaanza na dhahabu. Mtu mmoja aitwaye James Marshall alipookota chembe zake huko Coloma, katika jimbo hili la California, mwezi wa Januari 1848, na habari ilipoenea, watu wa Boston na New York walioweka mashamba rehani ili wapate nauli waliizunguka Rasi ya Horn kwa muda wa miezi mitano hata minane, pepo zikiwavumia usoni, maji ya kunywa yakivunda mapipani. Na waliotaka kufupisha safari walikata nchi kavu ya Panama, kwa mtumbwi katika mto Chagres, kisha kwa nyumbu, wengi wakifishwa na homa kabla ya kuiona bahari ya pili. Sisi tuliolelewa na kusi na kaskazi twajua maana ya kungoja upepo. Na bandari za upande ule ule wa Boston, Salem hasa, ndizo zilizokuwa zikituletea Unguja nguo za merikani.

Niantic iliwasili Julai 1849 na abiria iliowapakia Panama. Mabaharia wakatorokea machimboni, kama walivyofanya wa mamia ya merikebu nyingine zilizoachwa bandarini, nayo ikakokotwa hata ufukoni ikafanywa ghala na nyumba ya wageni, mpaka moto wa Mei 1851 ulipoiteketeza na mji ukajengwa juu yake.

Lakini linalonihuzunisha zaidi ni la watu wa Chile na Mexico, ambao baada ya masaibu ya safari zao walitozwa, mwaka 1850, kodi ya dola 20 kwa mwezi kwa sababu tu ya kuwa wageni, hata wengi wakayaacha machimbo wakarudi mjini kutafuta rizki upya, mikono mitupu. Kodi ile ilifutwa mwaka uliofuata. Nyingine ya 1852, dola 3 kwa mwezi, ikawaelemea Wachina. Mimi, niliye mgeni hapa, nawaona wachimbaji hao wa kigeni kuwa wastahiki wa heshima kuliko wote waliotajirika, na nakuomba uwasimulie wanao habari zao.

Wasalimie jamaa wote.

Wasalaam,
Nduguyo