Umekula? Rudisha Sahani

Wasee wa Java, leo nasema kitu kitauma kidogo: mara nyingi si mtandao. Programu ikikwama mnakimbilia kulaumu intaneti, seva ya watu, hata stima. Kumbe shida iko kwa mistari mitatu ya msimbo wenu.

Programu yako ikitaka kuongea na seva, lazima kwanza ifungue muunganisho: salamu za TCP, halafu za TLS, na hiyo yote inakula muda. Ndio maana Apache HttpClient hujaribu kuweka muunganisho kwa akiba kazi ikiisha, ndio ombi linalofuata liutumie tena.

Sasa fikiria kibanda chenye sahani mbili tu. HttpClient toleo la 4 iko hivyo ukiiacha na mipangilio yake: miunganisho 2 kwa kila seva, 20 kwa jumla. Hiyo mbili ilitoka kwa mwongozo wa HTTP/1.1 wa 1999. Toleo la 5 liliongeza zikawa 5 na 25.

Wewe unapokea jibu, unaona ni 500, unarusha exception na kwenda zako bila kusoma mwili wa jibu wala kulifunga. Umetoka na sahani ya mama. Fanya hivyo mara mbili, ombi la tatu linangoja. Na kwa toleo la 4, kama hukuweka connectionRequestTimeout, litangoja milele. Hakuna kosa kwa logi. Kimya tu.

Kuna beste yangu alikuwa mafunzoni kwa kampuni moja, wateja wanalipa na uthibitisho haufiki. Wakubwa wakaamua: ongezeni akiba ifike 200. Ikatulia siku kadhaa, ikakwama tena. Yeye akaendesha jstack, akaona thredi zote zimepiga foleni kungoja muunganisho. Hakuna aliyemskiza hadi alipowaonyesha hiyo orodha.

Hapo ndio msimamo wangu uko. Kuongeza sahani wakati watu hawarudishi si suluhisho, ni kuahirisha aibu. Na kuunda HttpClient mpya kwa kila ombi ni kujenga kibanda kipya kila ukiskia njaa. Unda moja, itumike na wote.

Kurudisha nako kuna adabu yake. EntityUtils.consume inamaliza chakula, sahani inarudi safi kwa akiba. Ukifunga jibu kabla ya kulisoma lote, muunganisho unatupwa, kwa sababu mabaki yangechanganyika na jibu la mwenye kufuata. Hujaiba, lakini umevunja sahani. Kwa hivyo soma kwanza, halafu funga, na try-with-resources ikufungie hata mambo yakiharibika.

Leo fungua mradi wako, tafuta kila mahali umeandika execute. Anza na njia za makosa. Huko ndio sahani nyingi hupotelea.