Sema Unachokipenda

Nyamache, Kisii

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako hajambo, na majani ya chai yamechipua vizuri baada ya mvua.

Tulikusikia redioni ukiulizwa ni chakula gani unachokipenda. Ulijibu upesi: ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga. Chinsaga unaipenda kweli, nakujua tangu utotoni. Lakini tangu uhamie mtaa wa Ngara, Nairobi, kwenye majirani wenye asili ya Kihindi, kila ukinipigia simu sifa ni za biriani, dengu na bhajia. Baadaye ukaniambia kwamba wenzako wa bendi walikuonya: mpiga obokano, kinubi chetu cha nyuzi nane, akisifu chakula cha Kihindi, mashabiki watasema amewatupa watu wake. Ushauri huo usiufuate, mwanangu.

Kwanza tazama meza zetu wenyewe. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi kujenga reli. Wengi walirudi kwao, wachache wakabaki, na wafanyabiashara wakafuata wakafungua maduka hadi mjini Kisii. Leo ni nani hapa kwetu Bobasi anayefanya harusi bila chapati na pilau? Na chai hii inayotulipia karo za shule, mmea wake ulitoka Asia. Hakuna aliyeacha kuwa Omogusii kwa kuinywa.

Pili, mfikirie Farrokh Bulsara, yule mwimbaji ambaye dunia inamwita Freddie Mercury. Alizaliwa Unguja mwaka 1946. Wazazi wake walikuwa Waparsi, watu ambao mababu zao walihama Uajemi wakaishi Gujarat, India, kwa zaidi ya miaka elfu moja. Akiwa mtoto alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikoanza kupiga piano katika bendi. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 familia ikakimbilia Uingereza. Alibadili jina, na mbele ya waandishi alizungumza machache sana kuhusu Zanzibar na India. Lakini Peter Freestone, aliyemtumikia nyumbani hadi Freddie alipofariki mwaka 1991, ameeleza kwamba bwana wake alipenda chakula cha Kihindi, hasa dhansak ya kuku.

Dhansak ni chakula cha Waparsi hasa. Dengu za aina mbili tatu hupikwa pamoja na nyama, malenge, biringanya, majani ya uwatu, bizari na ukwaju kidogo, mpaka mboga zivurugike ziwe mchuzi mzito. Huliwa kwa wali uliotiwa rangi ya sukari iliyounguzwa, na kachumbari kando. Familia nyingi huipika Jumapili, maana haitaki haraka, na siku ya sherehe huiepuka kwa kuwa ndicho chakula cha kuanza kula nyama tena baada ya matanga. Mtu aliyeimba mbele ya makumi ya maelfu alikuwa na utajiri wote wa kuchagua, naye akataka sufuria ya kwao. Mimi hilo linanigusa kuliko sifa zake nyingine.

Wewe njia yako imekwenda upande wa pili: umependa sufuria ya wengine. Ni halali vilevile. Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 kurekodi Bombay, na taarabu yake haikupungua Uswahili kwa safari hiyo. Ninachokiogopa ni uwongo, hata uwe mdogo. Mwanamuziki akizoea kujibu kile watu wanachotaka kusikia kuhusu sahani yake, kesho atapiga zile nyuzi nane vile wanavyotaka, na obokano yako itakuwa pambo la jukwaani tu.

Ila chunga koo. Ukila mchuzi wa mafuta na pilipili saa sita usiku baada ya shoo, kisha ukalala, asidi ya tumbo huweza kupanda hadi kooni na asubuhi sauti ikakwaruza. Maliza kula angalau saa tatu kabla ya kulala. Na usibaki mteja tu: waombe majirani zako wa Ngara wakufundishe kupika, uwasikilize wanavyosimulia, uwataje kwa heshima utakapoulizwa tena.

Desemba ukija, beba dengu na uwatu. Malenge na kuku vipo hapa.

Mjomba wako