Mwite Mzee wa Chelewa

Hewa ya Dar es Salaam haina huruma na kitu chochote kinachotakiwa kubaki kikavu. Chumvi hushikana kwenye kichupa, biskuti hulegea, na viatu vya ngozi ulivyovisahau uvunguni huota ukungu kabla masika hayajaisha. Wenyeji tumeshazoea. Tunatia punje za mchele kwenye chumvi, viatu tunavianika, siku zinakwenda. Lakini yuko mgeni mmoja ambaye mji huu ulimtesa kwelikweli, na sijaona mtu aliyemwandikia hata barua ya pole. Mgeni huyo ni siga. Sisemi sigara hizi za kawaida, Sportsman na Embassy na Sweet Menthol, zilizouzwa mojamoja juu ya vimeza vya mbao vituoni. Nasema ile nene, ya majani matupu toka ndani hadi nje, iliyosokotwa kwa mkono huko Havana, ikasafirishwa mbali ndani ya kiboksi cha mbao, ikafika kwetu mwezi wa Machi, ikanywa unyevu, ikavimba, ikagoma kuvutika.

Nilizijua kwa sababu ya kazi tu. Nilikuwa mhudumu wa baa kwenye hoteli moja kubwa iliyoelekea bandari. Jina lake siliandiki, maana limeshabadilika na wenyewe wameshabadilika. Aliyekunywa pale anaijua. Milango ya veranda ikifunguliwa jioni uliingia upepo wenye harufu ya samaki wa feri na mafuta ya meli, na ndani ulikutana na harufu ya limau zilizokatwa, nta ya sakafu na moshi. Moshi mwingi. Pantoni ya Kigamboni ikipiga honi, kengele za Azania Front zinaitikia, kunguru wanagombana juu ya paa, na mhasibu wetu analalamika kwamba hawezi kujumlisha.

Wageni walikuwa wa kila namna. Dar ya miaka ya 1970 ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, kwa hiyo meza moja ungemkuta balozi, ya pili wapigania uhuru watatu wanaogawana chupa moja ya bia, ya tatu mtaalamu wa mabwawa kutoka Ulaya asiyejua kwa nini maji hayatoki chumbani kwake. Na Wacuba walikuwapo, madaktari na walimu na wajenzi. Fidel Castro mwenyewe alikuja nchini Machi 1977, na baada ya hapo, kwa hesabu zetu sisi wa kaunta, siga ziliongezeka mjini. Nyingine zilikuwa Cohiba, chapa iliyoanzishwa 1966 na kwa miaka mingi haikuuzwa dukani. Ilikuwa zawadi ya serikali kwa wakubwa, mpaka 1982 ilipoingizwa sokoni. Fikiria sasa: mkubwa amepewa zawadi na taifa zima, amealika wenzake, amekata ncha, amewasha, anavuta, na hakuna kinachokuja.

Hapo ndipo alipoitwa Mzee.

Mzee alikuwa mkuu wetu wa kaunta, mtu wa Tanga, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Ujanani alifanya kazi kwenye meli ya abiria ya Karanja, ile iliyokuwa ikitoka Bombay ikipita Mombasa, Zanzibar na Dar kwenda hadi Durban, na huko Mgoa mmoja wa vinywaji alimfundisha kuhudumia siga. Yeye mwenyewe hakuvuta. Alikuwa mtu wa ugoro, tena kwa siri, nyuma ya stoo, akidhani hatusikii anavyopiga chafya.

Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba mhudumu hatii mdomo kwenye siga ya mgeni, hata mgeni akikuomba. Basi utajuaje kama imebana? “Tazama mashavu, mwanangu,” aliniambia. Siga nzuri inavutwa mashavu yakiwa yametulia palepale. Iliyobana, mashavu yanaingia ndani, macho yanatoka nje, na mshipa wa shingo unasimama. Nilijifunza kuyasoma mashavu ya wanadiplomasia toka upande wa pili wa ukumbi. Wengine waliona aibu kusema. Waliendelea kuvuta hewa ya bure huku wakitikisa kichwa kwa kuridhika, siga ikiwazimikia mkononi, wakiwasha tena na tena mpaka kiberiti cha Kibo kinabaki ganda. Hao tuliwaendea wenyewe, kwa adabu, na kisahani.

Mzee akiipokea alianza kwa kuisikiliza. Aliiweka karibu na sikio, akaizungusha taratibu kwa vidole viwili. Siga kavu inalia, inakwaruza. Iliyolowa haisemi kitu. Kama haisemi, ilirudishwa kwenye boksi na mgeni akaombwa subira, apewe nyingine, kwa sababu siga iliyovimba kwa unyevu huilazimishi. Unaikausha siku kadhaa, inarudi umbo lake, inapitisha pumzi. Lakini kama inalia na bado imebana, maana yake kasoro iko kwenye msokoto, na hapo Mzee aliipapasa toka mguuni mpaka kichwani, polepole, mpaka kidole kikute mahali pagumu. Hilo ndilo fundo. “Hapa alikuwa anawaza nyumbani kwake,” alisema, akimaanisha msokotaji.

Maneno hayo nilikuja kuyaelewa baadaye, kwa daktari mmoja Mcuba aliyekuwa akija jioni za Jumamosi. Kwao ni Pinar del Río, magharibi ya kisiwa, ambako majani bora ya Cuba hulimwa. Mimi kwetu Namtumbo, nchi ya tumbaku ya moshi, na nimekulia miguuni pa bani, banda la kukaushia tumbaku, la babu yangu. Sare zangu za shule zilinuka moshi wa bani, madaftari yalinuka, hata uji ulinuka. Basi tukawa na la kuongea. Yeye alishangaa kwamba sisi tunakausha jani kwa moto. Kwao jani la siga linaning'inizwa ghalani likaushwe na hewa peke yake, halafu linarundikwa lichachuke mpaka ukali wake upungue. Jani la kuvika nje hulimwa chini ya vitambaa, lisiunguzwe na jua. Nikamwambia babu yangu angesikia kwamba kuna watu wanaitandikia tumbaku chandarua, angecheka mpaka alale chini.

Daktari ndiye aliyenieleza fundo linatoka wapi. Msokotaji hukaa kwenye meza yake na kisu kipana cha mviringo wanachokiita chaveta, akachanganya majani ya ndani ya namna tatu: moja la nguvu, moja la harufu, moja la kusaidia moto. Hayalazi tu. Kila jani linakunjwa peke yake ili hewa ipate njia katikati yake. Akizidisha jani, akilipinda, au akiacha kipande cha mshipa mnene wa katikati, njia inafungwa, na kwa macho huoni kitu. Siga inapendeza, inang'aa, inalingana na wenzake kwenye boksi. Utaijua ukishaiwasha. Alinieleza pia kwamba wasokotaji husomewa wakiwa kazini. Msomaji anakaa kwenye jukwaa, anasoma gazeti asubuhi na riwaya baadaye, desturi iliyoanza Havana mwaka 1865. Chapa ya Montecristo, iliyoanza 1935, wanasimulia imepewa jina kwa sababu wasokotaji walikuwa wamependa mno ile riwaya ya Dumas. Mzee aliposikia haya alifurahi sana. Toka siku hiyo kila fundo alilolipata alilitolea hukumu: “Hapa shujaa alikuwa anakaribia kufa.”

Sasa chelewa. Mzee alikuwa akija na chelewa zake toka nyumbani, hakuamini za ufagio wa hotelini. Alichagua za mnazi mkomavu, akazikwangua kwa wembe mpaka zikawa laini na ncha ikawa nyembamba, akazikausha juu ya mashine ya barafu. Akishalipata fundo, aliikamata siga kwa mkono wa kushoto, akaipitisha chelewa toka kichwani, pale palipokatwa, akiizungusha bila kuisukuma. Polepole. Akifika kwenye fundo alisimama, akavuta pumzi yeye mwenyewe, kisha mzunguko mmoja, mwingine, hadi unasikia mkwaruzo mdogo wa jani likiachia. Aliichomoa chelewa ikiwa na vijinyuzi vya tumbaku, akavipangusa kwenye leso. Sindano ya chuma aliikataa kabisa. Alisema inachimba tundu lililonyooka, moshi unapita mbio na kumchoma mgeni ulimi. Chelewa inakwenda pamoja na jani. Na ukiikosea pembe unaitoboa siga ubavuni, na hapo hakuna wa kumwita. Mzee alikuwa na ute wa yai kwenye kikombe cha kahawa na vipande vya majani ya siga zilizokufa, kwa ajili ya kuziba matundu ya wahudumu wenye haraka. Mimi nilikuwa mmoja wao, ila alinifunika mbele ya meneja.

Ukaushaji nao ulikuwa na kisa chake. Msimu wa mvua siga zilizolowa zilikuwa nyingi kuliko nafasi, Mzee akaamua kuzifanyia kama inavyofanyiwa chumvi. Akachukua debe, akajaza mchele mkavu, akazilaza siga humo ndani zikiwa zimefungwa kwenye karatasi. Zilikauka vizuri sana. Ila ilikuwa miaka ile ya foleni, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni ya shida, sukari ya shida, na mchele ukiupata unashukuru. Nani angethubutu kuumwaga? Mpishi akaupika pilau la wafanyakazi. Nimekula pilau nyingi maishani mwangu, za harusi na za hitima, lakini ile iliyonuka iliki, bizari na Havana sijaikuta tena. Tuliimaliza. Dobi wetu, mlokole asiyegusa tumbaku wala pombe, aliomba aongezewe.

Ukikaa na wahudumu wa zamani wa Dar, utasikia kila mmoja alimhudumia Che Guevara. Tabasamu tu. Che alikaa Dar kweli, mwishoni mwa 1965 na mwanzoni mwa 1966, baada ya vita vya Kongo alikojulikana kwa jina la Tatu, lakini alijificha ndani ya ubalozi wa Cuba akiandika. Hakuja baa yoyote kuagiza chochote. Mzee alilijua hilo vizuri, na hata hivyo wageni wakimwuliza alitazama mbali kidogo, akasema, “Alikuwa na pumu, maskini, na alipenda siga.” Yote mawili ni kweli. Hakusema kwamba alimwona. Bakshishi ilikuja tu.

Mwaka 1985 daktari alikuja amenuna. Castro ameacha kuvuta, kwa ajili ya afya za wananchi, na yeye daktari hajui atamwambia nini mgonjwa wake anayevuta, wala atajiambia nini mwenyewe. Mzee akamtengenezea kahawa. Siku ile hapakuwashwa kitu kwenye ile meza, na mazungumzo yalidorora kiasi kwamba saa tatu tulikuwa tumeshafunga.

Mengine yalikuja kidogokidogo. Miaka ya 1990 siga zilipendwa upya duniani, Cuba ikaongeza uzalishaji kwa haraka, meza zikajaa wasokotaji wapya, na kufikia mwishoni mwa muongo ule malalamiko ya siga zilizobana yalikuwa ya kila mahali, siyo ya Dar peke yake. Mzee alikuwa ameshastaafu, nami ndiye niliyebaki na chelewa. Sijawahi kuzitumia sana kama wakati ule. Baadaye viwandani wakaweka mashine inayofyonza hewa kabla siga haijavikwa jani la nje, na kishale kinaonyesha kama inapita. Jambo jema, bila shaka. Mgeni analipa pesa nyingi, ana haki ya moshi wake. Kisha 2003 ikatungwa sheria ya kudhibiti tumbaku, uvutaji ukaondolewa kwenye kumbi kama zetu, na hilo nalo ni jema, maana kifua changu kilikula moshi wa watu wengine kwa miaka mingi na usiku kinanikumbusha. Ukumbi ulipokarabatiwa veranda iliwekewa vioo na kiyoyozi. Hewa ya bandari haiingii tena. Hakuna kinachovimba mle ndani. Wala pantoni huisikii.

Mzee alirudi Tanga, akafia huko, Mungu amrehemu. Nilikwenda msibani. Wanawe hawakujua habari za siga kabisa. Wao walimjua baba aliyekuwa akiwakataza kuvunja chelewa za ufagio mpya.

Juzi mjukuu wa dada yangu alikuja kunijulia hali, amekaa hapo barazani, mkononi ana kile kisigara chake cha umeme chenye harufu ya embe. Akakifyonza, akakitazama, akakifyonza tena, na mashavu yakaingia ndani. Nikamwambia alete. Nikakisikiliza, nikakipapasa toka mwanzo hadi mwisho kutafuta fundo.

“Babu,” akasema, “chaji imeisha.”