Hewa Haina Mzabuni

Nimehudhuria hafla za uzinduzi wa majengo ya afya za kutosha kuweza kuzisimulia nikiwa nimefumba macho. Utepe hukatwa, mgeni rasmi huoneshwa vitanda, darubini ya maabara na jokofu la chanjo, kisha hupigwa picha mbele ya jiwe la msingi. Kila kitu huguswa na kila kitu hutajiwa bei. Sijapata kumsikia mgeni rasmi akiuliza: hewa ya chumba hiki inaingilia wapi, na inatokea wapi?

Mgonjwa wa kifua kikuu anapokohoa, matone makubwa huanguka sakafuni. Yale madogo hukauka yakiwa bado hewani, yakabaki viini vyepesi vilivyobeba bakteria, navyo huweza kuelea kwa saa kadhaa baada ya mgonjwa mwenyewe kuondoka. Fungi nao wana safari yao. Mbegu za ukungu uitwao Aspergillus zina upana wa mikroni mbili au tatu tu. Hupeperushwa na vumbi la ukarabati, na ukungu wenyewe hustawi kwenye dari iliyovuja na ukuta usiokauka. Mimi na wewe, ndugu msomaji, huzivuta kila siku pasipo madhara. Mgonjwa wa saratani ambaye dawa zimemmalizia chembechembe nyeupe za damu anaweza kufa kwazo.

Tunao mfano wa karibu, nao haupaswi kusahaulika. Mwaka 2006 watafiti walitangaza yaliyotokea Tugela Ferry, mji mdogo wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Wagonjwa 53 walikutwa na kifua kikuu sugu kilichoshinda karibu dawa zote zilizokuwapo. 52 kati yao walifariki. Wengi wao walikuwa wanaishi na virusi vya Ukimwi, na wengi walikuwa wamelazwa hospitalini muda si mrefu kabla ya hapo. Wahudumu wa afya nao walikuwamo miongoni mwa waliokufa. Watu waliofuata tiba walikutana na ugonjwa palepale walipoifuata.

Mwaka jana nilimsindikiza mama mdogo kwenye kliniki ya shinikizo la damu, katika jengo jipya ambalo sitalitaja. Chumba cha kusubiria kilijaa hadi watu wakasimama. Madirisha yalikuwa ya alumini, yale ya kusukuma, ambayo hata ukiyafungua yote hupati zaidi ya nusu ya uwazi uliolipiwa. Siku hiyo yote yalikuwa yamefungwa, na juu ya mlango kiyoyozi kilikuwa kikinguruma. Mzee mmoja alikohoa mfululizo. Mama mdogo akamwambia muuguzi kwa upole, "Mwanangu, tufungulie japo moja."

"Shikamoo mama. Tukifungua, baridi yote inatoka. Wakubwa wakipita watasema tunachezea umeme."

Sikumlaumu binti yule, wala simlaumu leo. Alikuwa akilinda kile alichoelekezwa kukilinda. Isitoshe, yeye hukaa humo siku nzima na mama mdogo hukaa humo saa tatu kwa mwezi. Lakini kiyoyozi cha ukutani kama kile hakiingizi hewa mpya hata kidogo. Huvuta hewa ya chumbani, huipoza, kisha huirudisha kwa watu walewale. Kichujio chake kisiposafishwa na maji yake yakituama, chenyewe hugeuka shamba la ukungu.

Hesabu yake si ngumu. Ikiwa hewa ya chumba hubadilika mara 2 kwa saa, itachukua dakika 138 kuondoa asilimia 99 ya viini vilivyomo. Ikibadilika mara 12, dakika 23 zinatosha. Huko Lima, Peru, watafiti walipima jambo hili katika hospitali halisi na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Madirisha na milango vilipofunguliwa, kipimo cha kati kilikuwa mara 28 kwa saa. Majengo ya kale yenye dari ndefu na madirisha mapana yalifika mara 40. Yale ya kisasa zaidi yaliishia 17.

Majengo ya aina hiyo hatukuyakosa. Wajerumani walipojenga hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, mwishoni mwa karne ya 19, waliielekeza baharini na kuizungushia baraza ili upepo upite. Waliijenga kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa kwingine, katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Upepo wa bahari ulikuwa ukigawiwa kwa rangi ya ngozi. Baada ya uhuru tuliifuta amri ile, kisha tukaanza kuuzuia upepo wenyewe kwa vioo, tukiita hivyo maendeleo.

Kwa nini? Jibu langu ni la kisiasa kuliko la kihandisi. Kiyoyozi kina mzabuni, kina hati ya malipo na namba ya mali ya serikali. Dirisha pana likishachorwa kwenye ramani halimpi mtu kazi tena, na upepo haumwombi mtu tenda. Niliwahi kumuuliza mhandisi mmoja ni wapi katika fomu ya makabidhiano ya jengo panapoandikwa kiasi cha hewa. Akacheka: "Mwalimu, hicho kipengele hakimo."

Najua pingamizi. Wavu wa mbu hupunguza upepo, na hakuna atakayekubali kubadilisha kifua kikuu kwa malaria. Makete mwezi wa Julai, mzazi aliyejifungua usiku hawezi kulazwa mbele ya dirisha wazi. Chumba cha upasuaji nacho kina sheria zake. Pale hewa lazima ichujwe, na dirisha hufungwa. Lakini haya ndiyo mambo ya kujadiliwa mezani kabla zege halijamwagwa: matundu ya juu ukutani, madirisha pande mbili zinazotazamana, benchi za kusubiria zilizowekwa barazani badala ya ukumbini. Pale upepo usipotosha, zipo taa za mionzi ya urujuanimno zinazofungwa karibu na dari kuua vijidudu juu ya vichwa vya watu, zikisaidiwa na feni ya kuchanganya hewa. Na kupiga deki kwa maji badala ya kufagia kukavu hakuhitaji mfadhili.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2009: lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi za kawaida, na 160 katika vyumba vya wenye maradhi yaenezwayo kwa hewa. Wanafunzi wangu walioajiriwa halmashauri wananisoma hapa. Fomu ya makabidhiano ina ukurasa wa mwisho wenye mistari mitupu, chini ya neno "Mengineyo". Namba hizo mbili zinaenea pale.