Dakika Moja Baada ya Sindano

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa fundi wa picha za mionzi katika hospitali moja ya London. Dawa yetu ya kupigia picha za moyo ilikuwa thaliamu-201, iliyoanza kutumika kwa wagonjwa katikati ya miaka ya 1970. Mwili huipokea kama potasiamu: inakokwenda damu, nayo huenda huko huko na kufyonzwa na seli. Kwa hiyo lililo muhimu ni mtu alikuwa akifanya nini sindano ilipoingia.

Mgonjwa nisiyemsahau ni mzee wa Kiunguja, baharia mstaafu. Tulimpandisha kwenye mashine ya kukimbilia, nyaya kifuani, bomba la sindano tayari mkononi. Kila baada ya dakika 3 mkanda uliongezwa kasi na mwinuko. Alipoanza kuhema, daktari akasukuma dawa.

"Mwanangu, yatosha."

"Bado kidogo, mzee wangu. Dakika moja tu."

Dakika hiyo ndiyo kipimo chenyewe. Mtu akitembea kwa nguvu, damu hupungua tumboni na kukimbilia moyoni na miguuni. Akishuka mapema, mgao huanza kubadilika kabla dawa haijatua. Mzee alinung'unika, lakini alimaliza.

Chini ya kamera ya gama moyo wake ulionekana kama bangili iliyokatika upande mmoja. Ini, ambalo kwa aliyedungwa akiwa amepumzika hung'aa hadi kuusumbua moyo pichani, lilikuwa limefifia. Mapaja yalikuwa yamejaa dawa.

Baada ya saa 4 tulipiga picha tena, kwani thaliamu haikai mahali pamoja. Pengo lilikuwa limeziba: misuli ilikuwa hai, ila ilikosa damu ya kutosha wakati wa kazi. Lingebaki, tungeshuku kovu.

Miaka ya 1990 dawa nyingine ya mionzi, tekinishiamu-99m, ikashika nafasi yake. Nusu-uhai wake ni saa 6, wa thaliamu ni saa 73 hivi, na picha zake ni safi zaidi. Lakini ikishaingia kwenye misuli ya moyo haihami sana, hivyo sindano zikawa mbili.

Siku hizi mashine za picha za PET zipo hata Nairobi, na kwa uchunguzi wa saratani kanuni imegeuka: sukari ya mionzi hufuata misuli iliyofanya kazi na kuichafua picha. Ukiambiwa usifanye mazoezi siku moja kabla, tafadhali pumzika. Na ukipandishwa kwenye mashine ya kukimbilia, usishuke mpaka uambiwe, isipokuwa kifua kikikuuma: hapo sema mara moja.