Samaki Aliyerudishwa Majini

Mwana wa Nyangwe hafundishwi samaki ni nini. Tangu utotoni tumewaona Wagenya wakiongoza mitumbwi yao juu ya Lualaba. Na katika soko letu, alilolitazama Livingstone mwaka 1871, samaki walikuwa wakiuzwa tangu zamani. Basi tulipokuwa masomoni Louvain, katika nchi ya Ubelgiji, tulistaajabu kumwona mzee mmoja wa parokia akienda kuvua mwezi wa Januari, theluji ikiwa imefunika ukingo wa mfereji. Akatuambia, “Mwalimu, njoo ujionee.” Tukafuatana naye.

Samaki aliyemtafuta huitwa karpe. Ni mnene, mwenye magamba makubwa na ndevu fupi nne mdomoni. Zamani watawa wa Ulaya walimfuga katika mabwawa, wapate chakula siku za Kwaresima na za Ijumaa, Wakristo wasipokula nyama. Hata leo jamaa nyingi za Polandi na Ucheki hula karpe mkesha wa Noeli.

Mwenyezi Mungu ameyapa maji tabia ya ajabu. Yakipoa mpaka digrii 4 huwa mazito kuliko wakati wowote, nayo hushuka chini. Kwa hiyo barafu hukaa juu, na samaki huishi chini yake. Lakini mwili wa karpe hupoa pamoja na maji. Hutembea kidogo na kula kidogo. Mvuvi asiye na saburi heri abaki nyumbani.

Mzee yule hakutumia funza wala mkate. Alifunga manyoya ya ndege kwa uzi juu ya ndoano ndogo, mfano wa mdudu wa majini. Chambo hicho ni chepesi mno, hakiwezi kurushwa peke yake. Mshipi ulio mnene ndio unaokibeba, ukirushwa nyuma na mbele kwa ufito mwembamba. Kisha huachwa kizame polepole, kikavutwa kidogo kidogo. Tulisimama saa nyingi, vidole vikifa ganzi. Jumamosi ya tatu, baada ya adhuhuri, mshipi ukakaza. Akatoka karpe wa kilo kama nne. Mzee akailowesha mikono yake kwanza, asimwondolee samaki utelezi unaoilinda ngozi yake. Akatoa ndoano, akamrudisha majini.

Tulimsimulia baba mdogo huko Nyangwe kwa simu. Akauliza, “Mwanangu, watu hao hawajui njaa?” Swali lake ni la haki. Aliyeshiba aweza kumwachilia samaki. Mama mwenye watoto watano hawezi. Wala hatutaki kuwaambia Wagenya wairudishe riziki yao mtoni.

Lakini mzee alitupa sababu yake: “Karpe aweza kuishi zaidi ya miaka 20. Nikimwacha, atazaa.” Katika nchi ile mvuvi wa mito na mifereji sharti awe na kibali, na upo wakati ambapo aina fulani za samaki hazivuliwi, zipate kuzaa kwa amani. Sababu hiyo yatuhusu sisi kuliko wao, kwa kuwa wao huvua kwa kujifurahisha, na sisi twavua tupate kula.

Mahali pengi pa Afrika watu wamegeuza vyandarua vya mbu kuwa nyavu. Matundu yake ni madogo mno, hata samaki wachanga hawapiti. Avuaye hivyo hupata sufuria moja leo, na mwaka ujao mto humnyima. Tena, kama chandarua kimetolewa kitandani, mtoto wake hulala bila kinga ya malaria. Hizo ni hasara mbili kwa mlo mmoja. Mgono uliosukwa vema una nafasi kati ya fito zake: mdogo hupita, mkubwa hubaki.

Basi, wazazi na wanafunzi wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare, tule samaki mkubwa kwa kumshukuru Mungu, na mdogo tumwache akue. Chandarua kibaki juu ya kitanda cha mtoto. Mtoto huyo naye atakua, ataoa, na siku moja ataushusha mtumbwi wake Lualaba kuwatafutia watoto wake chakula. Tumwachie kitu cha kuvua.