Blanketi la Viraka Bila Makunyanzi

Mwezi wa sita na wa saba upepo wa Singida hauna huruma. Mji wetu uko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa manane baridi hupenya hata nyumba ya matofali ya kuchoma. Sisi wauguzi tunaijua miezi hiyo kwa namna yetu. Mama hujifungulia njiani, anafika na kichanga aliyefungwa ndani ya khanga moja iliyolowa, nasi tukiweka kipimajoto tunasoma nyuzi 35. Kichanga akishuka chini ya nyuzi 36.5, tayari tunahesabu amepatwa na baridi. Dawa ya kwanza ni kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, na juu yao wote wawili kitu kikavu chenye uzito. Hicho cha kuwafunika ndicho hukosekana.

Ndiyo sababu sisi akina mama wa kikundi cha kanisani tulikata shauri kushona mablanketi ya viraka kumi na mawili, kwa ajili ya akina mama wanaosubiri kujifungua. Kazi hii si ngeni katika kanisa la Kilutheri. Shirika la Lutheran World Relief lilianzishwa Marekani mwaka 1945, mwaka ule vita vilipokwisha, na mpaka leo akina mama wa makanisa ya huko hushona mablanketi ya namna hii kwa ajili ya wakimbizi na wahitaji wa nchi nyingi. Kipimo chao ni inchi 60 kwa 80, na mara nyingi huyafunga kwa mafundo ya uzi mnene badala ya kuyashona mistari mingi. Lakini wenzetu wana kumbi zenye meza ndefu. Sisi tulikuwa na sebule ambayo kochi likikaa na meza ikikaa, watu wawili hawapishani.

Wasomaji wanaoshona wanajua kwamba viraka vyenyewe si kazi ngumu. Mafundi wa sokoni hutupa vipande vya vitenge kila siku, na mashine ya miguu inaviunganisha kwa jioni chache. Ugumu uko katika kuyashika pamoja matabaka matatu: viraka juu, kijazo katikati, bitana chini. Yasiposhikwa vizuri kwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kila tabaka huenda kwake. Ukimaliza na kuligeuza, unakuta mikunjo imeshonewa ndani, wala hakuna pasi itakayoiondoa.

Hayo ndiyo yaliyotupata kwenye blanketi la kwanza. Bitana yake ilikuwa khanga ya mama mmoja wa kikundi chetu. Binti yake alifariki kwa uzazi miaka kadhaa iliyopita, na doti ile ilikuwa yake. Moja mama amebaki nayo, nyingine akatuletea, imekunjwa vizuri. Hakusema mengi. Tuliitandika sakafuni, tukasukuma kochi mlangoni, tukapiga magoti. Hatukuweza kuizunguka, kwa hiyo tulianzia pembeni tukaelekea tulikopata nafasi. Kila tulipoona kunyanzi tulivuta. Mwishoni tulipoligeuza, khanga ilikuwa na kunjo refu kama kovu, limemeza nusu ya maneno yake.

Mama yule hakulaumu. Alichukua wembe, akaketi kwenye kigoda, akaanza kufumua mshono mmoja mmoja. Sisi tulisimama pale na mikono yetu tusijue pa kuiweka. Tumewahi kufunga vidonda vingi maishani, lakini jioni ile tuliona aibu kuliko siku tuliyokuwa wanafunzi tukakosea kuchoma sindano mbele ya mwalimu.

Bibi mmoja, mkubwa kuliko sisi sote, ndiye aliyevunja ukimya.

“Wanangu, mbona mnaiwamba kama ngozi ya ng’ombe? Ngozi mnaipigia mambo ardhini, ikikauka inabaki ilivyo. Khanga ukiiachia inarudi.”

Alikuwa ameliona kosa lote. Bitana iliyovutwa sana hukaa vizuri ikiwa imebanwa, ikifunguliwa inajirudi na kuvuta viraka. Yapaswa kunyooka tu, isivutwe. Tena vipande vilivyokatwa mshazari hunyumbuka kuliko vilivyofuata uzi wa kitambaa, hivyo ukivivuta unavipotosha kabisa.

Tuliacha sakafu. Kwanza tulifua kila kitu upya: khanga, viraka, na blanketi kuukuu tulilolifanya kijazo. Nguo mpya ya pamba husinyaa ikifuliwa, na afadhali isinyae kabla ya kushonwa. (Pamba mbichi ya kutoka shambani tulikuwa tumeijaribu. Isipobanwa kwa mishono ya karibu, ikifuliwa hujikusanya mabonge. Blanketi kuukuu halina shida hiyo.) Viraka tulivipima sentimita 100 kwa 140, kwa kuwa khanga ni kama 110 kwa 150, ili pindo la khanga libaki nje pande zote na baadaye likunjwe kuja juu, liwe fremu.

Kisha tukageukia meza ya chakula, ingawa ni ndogo kuliko khanga. Katikati ya meza tulibandika kijiti cha kiberiti kwa plasta. Plasta ya dukani, jamani, si ya wodini! Kila tabaka tulilikunja mara nne, tukatia alama katikati yake, tukalishusha alama ikikaa juu ya kile kijiti. Hata matabaka matatu yakiwa juu yake, kidole bado kinakihisi. Kingo huning’inia kila upande sawasawa, na uzito wake wenyewe huinyoosha nguo kuliko mikono yetu ilivyofanya.

Khanga huja kwanza, upande mzuri ukitazama chini, nayo tunaishika kwenye kingo za meza kwa ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi. Juu yake kijazo, kisha viraka, kila kimoja tukikilainisha kwa viganja kutoka katikati kwenda nje. Bandi nayo huanzia katikati daima. Mshono una urefu wa pingili ya kidole gumba, na mstari hadi mstari ni upana wa kiganja. Uzi ni mweupe, maana mwekundu unaweza kuchuja. Ncha ya sindano tunaipokea kwa kijiko cha chai, vidole vinapona. Kila mstari ukiisha tunapitisha mkono chini ya nguo kupapasa kama kuna kunjo, kwa sababu kunjo la mstari mmoja hufumuliwa kwa dakika mbili.

Eneo la juu ya meza likimalizika, tunabandua tepu na kulisogeza blanketi zima upande mmoja. Hapa tulikosea tena mara moja: sehemu iliyokwisha ikaanguka sakafuni ikavuta ile isiyoshonwa. Sasa tunaweka kiti kuipokea.

Jambo la pini tunalisema kwa ukali. Tunazihesabu kabla na baada, kama chumba cha upasuaji kinavyohesabu vitambaa kabla ya kufunga tumbo. Katika blanketi la tatu ilipungua pini moja. Mmoja wetu alisema huenda ilianguka chini, tuendelee tu. Hatukuendelea. Tulipapasa siku mbili, tukaipata ndani ya pindo, mahali ambapo shavu la mtoto lingelala.

Khanga ya yule mama tuliirudia ilipokuwa zamu ya blanketi la tano, tulipojiamini. Alikuja kushona mstari wa katikati mwenyewe. Maneno yote yanasomeka. Ukiliinua kwenye mwanga bado unaona matundu ya sindano ya kwanza yakipita katikati, nasi tulitaka kuyafunika kwa kiraka. Alikataa. Alilipeleka kwa mkono wake, akakaa kidogo na wasichana waliokuwa wakisubiri siku zao, akauliza yupi anatoka mbali zaidi.

Tumebakiza matatu, na bitana zimekwisha.